Wajina Aliyekuja Porini Kulala

Nilipomwambia wajina wangu kwamba nimepata kibali cha kuwinda nyati na ningependa twende wote, aliniuliza swali moja tu.

"Huko kuna mtandao?"

"Hakuna. Ukishavuka daraja, ukaiacha barabara na kuingia mbugani, simu inabaki tochi."

"Nakuja," akasema, akaendelea kumenya ndizi.

Tulikuwa jikoni kwake, Jumapili baada ya misa. Tunaitana wajina kwa sababu tulibatizwa jina moja, tukakutana bwenini katika shule ya masista upande wa Mahenge tukiwa wasichana wadogo, na tangu hapo hakuna aliyemwita mwenzake kwa jina lenyewe. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Ifakara, mwaka wa ishirini na ngapi sijui. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga jirani na soko. Wakati tunamenya zile ndizi simu yake ililia mara nne, na mara zote nne alijibu akiwa amesimama.

Ningekuwa makini, swali lake lile lingenitosha kujua anakuja kufuata nini. Lakini mimi nilikuwa na langu moyoni, nikamwambia tu, "Njoo, utapumzika sana," nikaona nimemaliza.

Langu lilikuwa hili. Baba yangu aliwinda kwa kibali maisha yake yote. Kila kiangazi alipata nyati mmoja, na nyama yake ililiwa na mtaa mzima. Kaka zangu wawili hawakupenda tope wala kupe, kwa hiyo aliyembebea maji nilikuwa mimi, na aliyefundishwa kulenga pipa bovu kwa ile bunduki kubwa nilikuwa mimi. Baba alipofariki, siku ya kuvunja matanga kaka mkubwa alisema bunduki irudishwe polisi. "Mwanamke na bunduki ya nyati, ya nini?" Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza nani atachukua sufuria. Nilienda ofisi moja baada ya nyingine mpaka bunduki ikaandikwa jina langu, na sasa nilitaka nyati. Zaidi ya nyati, nilitaka mtu anione. Askari wa wanyamapori na msoma nyayo wangekuwepo, lakini hao ni watu wa kazi. Nilitaka mtu wangu, ambaye akisimulia kwetu atasikilizwa.

Hilo sikumwambia.

Tuliondoka Agosti, mpunga ukiwa umeshavunwa na mbuga imekauka kiasi cha kupitika. Niliendesha mwenyewe pikapu ya kubebea mchele. Nyuma tulikuwa na mahema mawili, turubai, mchele, samaki wakavu aina ya kitoga, mapipa ya maji, na mito miwili ya kulalia yenye foronya za maua. Mito ilikuwa ya wajina. Viatu vya porini hakuwa navyo, alikuwa na raba zake nyeupe za kazini. Msoma nyayo tulimpitia kijijini kwake, Michenga. Alikuwa Mndamba wa makamo, mwembamba, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kambi za wawindaji wageni na aliyependa kuongea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumbeba. Askari alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mpole, aliyetuamkia shikamoo kila tulipokutana macho, hata kama alikuwa ametuamkia saa moja iliyopita.

"Mama, mto huu nauweka wapi?" askari alimuuliza wajina tulipofika kambini.

"Hemani, baba. Na huo mwingine pia."

Kambi yetu ilikuwa pembeni ya mkondo mdogo wa maji uliobaki wakati wa kiangazi, kwenye kivuli cha mikuyu. Mbele yetu ni majani tu na vichuguu, na mbali kabisa milima ya Udzungwa ikiwa ya buluu. Makundi ya sheshe, wale swala wekundu wa mbugani, yalikuwa yanakula karibu, yakituangalia bila wasiwasi. Wajina aliangalia huku na huku, akatoa simu yake mkobani, akaitazama, akaizima kabisa. Sikuwahi kumwona akiizima. Aliiviringisha kwenye kitenge na kuitumbukiza kwenye gunia la mchele.

Asubuhi ya kwanza nilimwamsha saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimeshavaa, chai iko tayari.

"Wajina, twende."

"Wapi?"

"Kuwinda!"

"Nyinyi nendeni," akasema bila kufungua macho. "Mimi nimekuja kulala."

Nilicheka, nikadhani ni mzaha, nikaondoka na wanaume wawili. Tulitembea mpaka jua lilipokuwa utosini. Nyayo zilikuwepo lakini zimechanganyika na za ng'ombe wa wafugaji, na msoma nyayo alikuwa akichuchumaa kila baada ya hatua chache na kutueleza ipi ni ya nani, kwa maneno mengi. Alikuwa na kifuko kidogo cha majivu alichokitikisa hewani kuona upepo unaelekea wapi. Siku hiyo upepo ulielekea kila mahali. Tuliwaona nyati kwa mbali, weusi kama mafungu ya mkaa, nao wakatunusa wakaondoka.

Tuliporudi, wajina alikuwa bado amelala. Hakuwa amegusa chai. Nilimgusa paji la uso, nikihofia malaria. Alikuwa wa baridi, salama, na mdomo wake uko wazi kama wa mtoto.

"Hajaamka hata kwenda haja?" nikamuuliza askari, ambaye alikuwa ametangulia kufika.

"Sijui mama. Mimi nimemsikia tu anavyopumua."

Siku ya pili nilimsumbua mpaka akainuka. Nilimvuta mguu, nikamwambia hatukuja mpaka huku kutazama turubai. Alivaa raba zake akanifuata bila neno. Na siku hiyo bahati ilikuwa yetu. Kabla ya saa tatu tulipata madume matatu yamejitenga na kundi, yanakula taratibu kando ya matete, upepo ukitupiga usoni. Msoma nyayo alinionyesha kwa kidole kwamba mimi na yeye tutambae mpaka kichuguu cha mbele. Askari akafuata. Wajina tukamwacha nyuma ya kichuguu kingine, kivulini, tukamwonyesha kwa ishara akae kimya.

Tulitambaa kwa magoti na viwiko. Nilikuwa na majani mdomoni na jasho machoni, lakini nilikuwa na furaha. Tulipofika, msoma nyayo alisimamisha fimbo tatu zilizofungwa pamoja za kuegeshea bunduki. Niliinuka polepole sana. Dume lililokuwa karibu lilikuwa limegeuza ubavu.

Hapo ndipo tuliposikia sauti nyuma yetu. Mwanzo nilidhani ni ngiri. Ilikuwa ndefu, ya kukoroma, ikakatika, ikaanza tena juu zaidi. Madume yote matatu yaliinua vichwa. Yalitutazama kwa ule uso wao wa kudai kitu, kisha yakageuka, na matete yakajifunga nyuma yao kama mlango.

Msoma nyayo, kwa mara ya kwanza tangu Michenga, hakuwa na la kusema. Askari aliuma mkono wake ili asicheke.

Wajina alikuwa ameegemea kichuguu, mikono tumboni, anakoroma.

Nilipofika kambini nilisema vyote. Nilimwambia ameniharibia. Nilimwambia nyati si mbuzi kwamba atakuwepo kesho palepale. Nikamwambia hata kama ni rafiki, kuna kiasi. Wanaume wawili walikumbuka ghafla kwamba kuni zimeisha, wakaondoka.

Yeye alisikiliza huku akivua raba na kukung'uta mchanga. Nilipomaliza akasema, "Uliniambia nije nipumzike."

"Ndiyo, lakini..."

"Hukuniambia nije nitazame. Ungeniambia unataka mtu wa kukushuhudia, ningekujibu kama naweza au siwezi. Unataka niende nikawaambie kaka zako. Si ndiyo?"

Sikujua kwamba alijua. Nilikaa chini kwenye ndoo.

"Si ndiyo?" akarudia.

"Ndiyo."

"Basi na mimi nikwambie yangu. Sijalala usingizi wa kweli sijui tangu lini. Nikiwa zamu silali. Nikiwa nyumbani nalala sikio moja liko kwenye simu, maana wale wasichana wapya wakikwama wananipigia mimi, na wasiponipigia naota wananipigia. Nikasema sasa nitazima, halafu naogopa kuzima. Wewe ukaniambia kuna mahali simu haifiki. Yaani hata nikitaka kujibu, siwezi. Hilo tu ndilo nililolifuata huku, wajina. Kwa nyati wako simo."

Aliongea bila hasira, kama anavyozungumza na mgonjwa anayemheshimu. Nilimtazama nikaona kitu ambacho nilitakiwa kukiona mapema jikoni kwake: macho yake yalikuwa yamezungukwa na weusi, na mdomo wa chini ulikuwa umepasuka. Mimi ninayemwona kila Jumapili sikuwa nimeuona uso wake muda mrefu.

"Nisamehe," nikasema.

"Na mimi nisamehe kukoroma," akasema, na hapo tukacheka wote wawili mpaka wanaume wakarudi na kuni ambazo hazikuhitajika.

Tukakubaliana. Angelala siku mbili zilizofuata, na mimi nisiingie hemani kumwamsha hata kama nyati watakuja kunywa chai. Siku ya tano angenifuata, akiwa ameshalala vya kutosha, naye angekaa macho.

Siku ya tatu nilienda kuwinda tena na wanaume, na tulirudi na kupe tu. Siku ya nne sikwenda. Sijui hata kwa nini. Niliamka nikasikia ndege wengi kwenye matete, nikaona kibali bado kina siku, nikamwambia msoma nyayo apumzishe miguu. Alifurahi, akachukua ndoano yake akaenda mkondoni na askari, na sauti yake ikawa inatufikia kutoka huko huko ikimweleza askari habari za mamba.

Wajina aliamka saa nne. Tulioga kwa kopo nyuma ya turubai, tukafua vitenge, tukavitandaza juu ya majani. Halafu akanikalisha kati ya magoti yake akaanza kunisuka, kama bwenini zamani. Ana mkono mzito kichwani, na huko shuleni nilikuwa nikimlilia. Safari hii nilivumilia.

"Baba yako aliwahi kunipa figo la nyati," akasema akiwa katikati ya msuko.

"Lini?"

"Likizo ile niliyokuja kwenu. Alichoma mwenyewe kwenye makaa, akanipa mimi kabla ya kaka zako. Walinuna."

Sikulikumbuka hilo hata kidogo. Nilimwomba alisimulie tena, akalisimulia, na mara ya pili akaongeza kwamba baba alinyunyiza chumvi kwa vidole vitatu, kutoka juu, jambo ambalo ni kweli alilifanya siku zote. Mchana ulipita hivyo. Tulikula perege waliovuliwa na wanaume, tukalala wote wawili hemani, na huo mto wa pili, kumbe alikuwa ameuleta kwa ajili yangu.

Siku ya tano aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameshakunywa chai, amefunga kitenge kiunoni juu ya suruali, raba zimefungwa kamba mbili mbili.

"Haya, mwindaji," akasema.

Tulitembea nusu siku. Nilidhani atachoka, lakini mtu anayesimama zamu nzima kwenye sakafu ya saruji hachoki upesi. Alikanyaga palepale nilipokanyaga. Msoma nyayo alimsifu kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake kulikuwa kama kuongea kwa mtu mwingine, mpaka wajina akaweka kidole mdomoni naye akanyamaza mara moja.

Dume lilikuwa peke yake, limelala kwenye tope kavu chini ya mti mmoja mdogo. Lilikuwa zee, manyoya yameisha mgongoni, pembe zimesuguliwa ncha. Tulisubiri muda mrefu nyuma ya majani. Mguu wangu ulikufa ganzi. Hatimaye liliinuka lenyewe, likajinyoosha, likageuza bega. Fimbo zilikuwa tayari. Nilisikia sauti ya baba, si kwa mizimu, kwa kawaida tu kama unavyokumbuka namna ya kushika mchi: vuta pumzi, toa nusu, bana.

Nikapiga. Dume liliruka, likakimbia likiinamisha kichwa, likaingia kwenye matete.

"Imeingia bega," msoma nyayo akasema. "Tukae. Hatumfuati sasa."

Hapo ndipo pagumu, pale pa kukaa. Nyati aliyejeruhiwa ndani ya matete huwa anangoja mtu. Nilijaza risasi nyingine. Wajina alikuja akakaa kando yangu kwenye majani, akanishika mkono pale mshipa unapopiga, akaangalia saa yake ya kazini iliyobanwa kifuani. Alihesabu dakika nzima.

"Mshipa wako unaenda mbio sana," akasema kisha. "Hufuati kitu mpaka huu ushuke."

Tukakaa. Alishika tena, akatikisa kichwa. Tukakaa zaidi. Kisha kutoka ndani ya matete ikaja sauti ndefu, nzito, ya chini, na baada yake kimya. Msoma nyayo alivua kofia.

"Amekwisha," akasema.

Tulimkuta amelala kwa ubavu, hatua chache tu kutoka ukingoni. Nilimgusa jicho kwa ncha ya fimbo kuhakikisha amekufa, kama nilivyofundishwa. Halafu nikakaa chini karibu na shingo yake, nikaweka mkono kwenye pembe, ambayo ilikuwa na joto la jua. Nililia kidogo, si kwa huzuni. Askari alinipa mkono, akasema, "Hongera mama. Shikamoo."

"Umeona?" nikamuuliza wajina. "Umeona alivyoruka?"

Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anaangalia ule mwili mkubwa.

"Wajina," akasema, "nilifumba macho."

"Nini?"

"Nilifumba macho na kuziba masikio. Nilipofumbua nikaona majani yanatikisika. Sijaona kitu kingine."

Niseme nilikasirika? Nilijitahidi nikashindwa. Yeye mwenyewe alianza kucheka, kisha akaomba kisu. Hakuondoka kwenye kazi ile mpaka imekwisha. Alimwuliza msoma nyayo moyo umekaaje, mapafu yanaishia wapi, akaingiza mikono mpaka viwiko, akaifuata njia ya risasi kwa kidole na kutuonyesha ilipopita. Sikumwona mchangamfu vile kwa muda mrefu. Figo moja tulilichoma palepale kwenye makaa, akalinyunyizia chumvi kwa vidole vitatu.

Nitangulie kidogo hapa. Siku tuliyorudi, kaka mkubwa alipiga simu. Nilimwambia nimepata nyati, akasema ahaa, kwa ile sauti yake. Wajina alininyang'anya simu. Alimsimulia kila kitu: jinsi dume lilivyotutazama, jinsi nilivyosimama imara kama mti, jinsi lilivyoruka juu na kuanguka magoti kwanza, na vumbi lilivyopanda. Hakuna lililotokea namna hiyo, na hata lililotokea hakuliona. Mwisho nikamsikia kaka anauliza kama kuna nyama iliyobaki, na paja moja likapanda basi la kwenda kwake Morogoro kesho yake.

Lakini siku ninayoipenda zaidi ni ile iliyofuata baada ya kuua, tukiwa bado porini. Nyama ilikuwa juu ya uchanja, moshi unapanda wima. Wanandoa wawili wa Kisukuma wenye boma lao ng'ambo ya mbuga walikuwa wamesikia mlio, wakaja asubuhi na kibuyu cha maziwa mgando. Walitusalimu "mwangaluka", msoma nyayo akawajibu kwa Kisukuma kibovu kilichowafurahisha. Niliwakaribisha kwenye kivuli. Tuliongea habari za mvua, mbegu za mpunga, na ng'ombe wao mmoja anayechechemea. Mama yule aliuliza mbona ameambiwa tuko wanawake wawili, mwenzangu yuko wapi.

Nikamwonyesha hema kwa kidevu. "Amelala."

"Anaumwa?"

"Hapana. Amelala tu."

Alilitazama hema, akatikisa kichwa polepole. "Ana bahati," akasema, akashusha sauti, na mumewe naye akashusha yake. Sote tukawa tunaongea hivyo, chini chini, hata msoma nyayo. Niliwakatia nyama ya mgongo, wakaifunga kwenye majani. Hawakuwa na haraka na mimi sikuwa nayo. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mikuyu wajina alipotoka, alama za foronya shavuni, akaamkiana nao, akakaa na kupokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa hadi akafika katikati, akapangusa mdomo, akaniuliza ni siku gani.

"Ijumaa," nikamwambia.

"Bado ni Ijumaa tu?" akasema, na akanywa tena.